Je, wajua kwa nini gari lenye breki ya mkono nzima huweza kuondoka likiwa juu ya jeki?

Canter iliyobeba viazi kutoka Uporoto inapata pancha ya nyuma kwenye mteremko wa kuelekea Uyole. Dereva anaegesha kando, anavuta breki ya mkono mpaka mwisho na kuingiza gia ya kwanza, kisha utingo anaweka jeki chini ya ekseli ya nyuma na kuanza kupandisha. Tairi linapoachana na lami, gari linaanza kusogea, jeki inalala, na ekseli inashuka kwa kishindo. Wanaoshuhudia tukio la namna hiyo huwa na majibu mawili tayari: breki ya mkono imechoka, au jeki ni mbovu. Majibu yote mawili yanaweza kuwa si kweli, kwa sababu breki inaweza kuwa imeshika sawasawa na gari bado likaondoka.

Imani ya kwamba breki ya mkono hushika magurudumu imekaa vichwani mwetu kwa sababu ni kweli kwa magari mengi madogo. Humo waya hupita chini ya gari na kukaza breki ya kila gurudumu la nyuma peke yake. Katika Canter nyingi, na katika Land Rover za zamani zikiwamo Defender, mambo ni tofauti: breki ya mkono ni dramu moja iliyofungwa nyuma ya giaboksi, nayo hushika propela, yaani mhimili unaopeleka mzunguko kutoka giaboksi hadi ekseli ya nyuma, si magurudumu. Gia nayo, injini ikiwa imezimwa, hushika propela hiyohiyo. Dereva aliyevuta breki na kuingiza gia anadhani ameweka kinga mbili, lakini zote mbili zimeshika sehemu moja, na kati ya sehemu hiyo na magurudumu kuna difu, yaani gia za katikati ya ekseli zinazogawa mzunguko wa propela kwa magurudumu mawili.

Kazi ya difu inajulikana. Gari linapokata kona, gurudumu la nje husafiri umbali mrefu kuliko la ndani, kwa hiyo ni lazima yaruhusiwe kuzunguka kwa kasi tofauti. Mfaransa Onésiphore Pecqueur alisajili uvumbuzi huo kwa ajili ya gari la mvuke katika miaka ya 1820. Sharti linalotuhusu hapa ni moja: kasi ya propela hufungamana na wastani wa kasi za magurudumu mawili. Propela ikisimama kabisa, wastani huo lazima uwe sifuri, na sifuri hupatikana kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni magurudumu yote mawili kutulia. Ya pili ni moja kwenda mbele na jingine kurudi nyuma kwa kasi ileile.

Chukua kapi la kisimani lililofungwa kwenye boriti, kamba imepita juu yake na ndoo mbili za uzito sawa zinaning'inia huku na huku. Kila ndoo inataka kushuka, lakini haiwezi, kwa kuwa moja haishuki bila nyingine kupanda. Boriti haijafanya lolote zaidi ya kulishikilia kapi mahali pake. Kinachozuia ndoo ya kulia ni uzito wa ndoo ya kushoto. Sasa ondoa ndoo ya kushoto. Ya kulia itadondoka papo hapo, na boriti bado ni imara kama ilivyokuwa. Breki iliyoshika propela ni hiyo boriti, na magurudumu mawili ya nyuma ni hizo ndoo. Yakiwa chini yote mawili, yanataka kuteremka upande mmoja, kwa hiyo yanazuiana. Jeki inapoinua moja, hilo huwa huru kuzunguka kinyumenyume, na lililobaki chini halina tena wa kulizuia.

Jambo hili huonekana kwa macho katika gereji yoyote ya Mwanjelwa, gari likiwa limenyanyuliwa nyuma yote na kukaa juu ya stendi za chuma huku gia ikiwa imeingia. Fundi akizungusha gurudumu la kulia kwa mkono kuelekea mbele, la kushoto hujizungusha kwenda nyuma, na propela kati yao haitikisiki hata kidogo.

Ni kweli kwamba si kila gari litaondoka. Penye tambarare hakuna kinachosukuma, na hii ndiyo sababu dereva anaweza kubadilisha matairi miaka mingi bila tatizo, akaamini kuwa breki ndiyo iliyomsaidia. Zipo pia difu zinazojifunga zenyewe, ambazo hubana mzunguko huo kwa kiasi fulani. Lakini nchi yetu ya nyanda za juu ina tambarare chache. Canter yenye tani 5 pamoja na mzigo, ikisimama kwenye mteremko unaoshuka mita 1 kwa kila mita 20, husukumwa kwenda chini kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 250. Jeki nayo haihitaji mwendo mrefu ili ianguke, kwa kuwa kitako chake hubaki ardhini huku kichwa kikisogea pamoja na gari. Kama kitako kina upana wa sentimita 10, sentimita 5 hivi zinatosha kuutoa mzigo nje ya kitako hicho.

Gari dogo la kuvutwa na magurudumu ya mbele lina nafuu, kwa sababu breki ya mkono hushika nyuma na gia hushika mbele. Hata hivyo, ukiinua gurudumu moja la mbele, gia huwa haina kazi tena kwa sababu ileile ya difu, na gari lote hutegemea breki ya mkono peke yake. Gari dogo la kusukumwa na magurudumu ya nyuma lina hali mbaya zaidi: ukiinua gurudumu moja la nyuma, lililobaki chini ndilo pekee linalolishikilia gari, na ya mbele yako huru kabisa.

Kinachotegemewa, basi, ni kabari kwenye magurudumu yanayobaki chini, ziwekwe kabla jeki haijaguswa. Utingo wa malori yanayopanda Kitonga wanalijua hili vizuri. Lori linapoanza kuishiwa nguvu huruka chini na gogo lililochongwa mshazari upande mmoja na kulisukumiza nyuma ya tairi. Jiwe la ukubwa wa ngumi halitoshi, kwa kuwa tairi hulisukuma au kulipanda. Inapoinuliwa nyuma, kabari hukaa kwenye magurudumu yote mawili ya mbele, upande wa mteremko, zikiwa zimegusa tairi. Kwenye udongo wa Rungwe uliolowa mvua, kwangua tope kwanza ili kabari ikae penye ugumu, na weka kipande cha ubao mnene chini ya jeki: kitako cha sentimita 10 kwa 10 chenye mzigo wa kilo 500 hukandamiza ardhi kwa kilo 5 kila sentimita ya mraba, lakini ubao wa 30 kwa 30 huupunguza mkandamizo huo hadi chini ya kilo 0.6. Nati nazo zilegezwe nusu mzunguko tairi likiwa bado chini, maana nguvu ya kuvuta spana ndiyo hiyohiyo inayoliyumbisha gari lililokwisha inuliwa.

Magari ya kuendesha magurudumu manne yana msaada wa ziada. Kwenye Defender, kufunga difu ya kati, ile inayogawa mzunguko kati ya mbele na nyuma, huunganisha propela ya mbele na ya nyuma, hivyo magurudumu mawili ya mbele yaliyo ardhini huanza kuzuiana na kulishikilia gari. Kwenye magari ya zamani yenye habu (vitovu vya magurudumu ya mbele) za kufungwa kwa mkono, kuingiza mpini wa magurudumu manne hakutoshi. Habu zikiwa zimeachwa wazi, magurudumu ya mbele hayajaungana na propela, kwa hiyo ni lazima mtu ashuke na kuzifunga zote mbili kabla ya kupandisha jeki.