A Coruña na Madrid: wastani mmoja, makoti mawili

Juzi mdogo wangu alinitumia ujumbe. Amepata nafasi ya kusoma A Coruña, mji wa bandari kaskazini-magharibi mwa Hispania. "Kaka, wastani wa joto wa mwaka huko ni nyuzi 14.8, na Madrid ni 15. Si yale yale tu? Nitaazima koti la rafiki yangu aliyekaa Madrid."

Nilicheka, kisha nikampigia. Kazi yangu ni takwimu za hali ya hewa, na kama kuna namba inayopotosha watu bila yenyewe kusema uongo, ni wastani wa mwaka. Nikamwambia afungue jedwali la miezi.

Kwa kipindi cha 1981 hadi 2010, Januari ya A Coruña ina nyuzi 10.8 na Agosti 19.6. Kwenye kituo cha bustani ya Retiro, Madrid, Januari ni 6.3 na Julai 25.6. Toa mwenyewe: pwani tofauti haifiki nyuzi 9, bara inapita 19. Baridi kali ya Madrid na joto lake kali vimefutana kwenye hesabu, ndiyo maana wastani wa mwaka wa miji hii ukakaribiana.

Hesabu yenyewe si ngumu. Kila siku unachukua joto la juu kabisa na la chini kabisa, unajumlisha, unagawa kwa mbili. Unapata wastani wa siku zote za Januari, kisha wa Januari zote za miaka 30. Kwa hiyo asitegemee kukuta 10.8 mlangoni: mchana wa Januari hufika 13.5 hivi, usiku hushuka hadi 8.1.

Lakini mimi nikitaka kuona mkono wa bahari, naruka hadi Juni na Septemba. Jua hufika juu kabisa mwishoni mwa Juni, na bado Juni ya A Coruña ina 17.4 huku Septemba ikiwa na 18.6. Madrid ni kinyume: Juni 22.2, Septemba 20.9. Maji ni mazito kupata moto. Kilo moja ya maji hudai joto zaidi ya mara nne ya lile la kilo ya mchanga mkavu ili ipande uzi mmoja, tena mawimbi hulichanganya joto hilo likashuka chini. Mchanga huungua juu tu, na jua likizama umeshapoa. Bahari bado ina akiba.

Hapo mdogo wangu akadakia: "Kwa hiyo mji wowote wa pwani uko hivyo?" Hapana. Vladivostok, Urusi, iko kwenye latitudo ileile ya 43, nayo ni bandari, lakini Januari yake ni kama nyuzi 12 chini ya sifuri. Kinachoamua ni upepo unatoka wapi. A Coruña hupokea pepo za magharibi zilizovuka Atlantiki. Vladivostok wakati wa baridi hupigwa na upepo unaoshuka kutoka Siberia, na bahari iliyo mlangoni haina la kuisaidia.

Kiangazi nacho kina kisa chake. Pepo za kaskazini zikivuma kando ya pwani ya Galicia, jimbo ulipo mji wa A Coruña, maji ya juu husukumwa mbali na nchi kavu, na ya baridi hupanda kutoka chini kushika nafasi. Ni jambo lilelile linalofanywa na kusi kwenye pwani ya Somalia. Maji hayo yana rutuba, ndiyo maana kwenye hori za Galicia, yaani ghuba nyembamba zinazoingia nchi kavu, hufugwa kome kwa wingi, lakini hewa inayopita juu yake haiwezi kuchemka. Agosti, mwezi wa joto kuliko yote, mchana wastani wake ni 22.8 tu.

Kwa hiyo koti zito la Madrid alirudishe. Achukue jepesi lisilopenya maji, lenye kofia, maana mvua ya mwaka inapita milimita 1,000 na upepo wa pale hugeuza mwavuli ndani nje. Na sweta, mwaka mzima.

"Hata Agosti?"

Usiku wa Agosti ni 16.4, nikamjibu.