Tetemeko halihesabu ghorofa

Juzi kwenye baraza la kahawa huko Mji wa Kale, mzee mmoja alininyooshea kidole jengo refu: "Mwanangu, siku ardhi ikitikisika, lile ndilo la kwanza kulala." Kauli hii naisikia hata kwa makontrakta, na sasa nimechoka nayo.

Kila jengo lina mwendo wake wa kuyumba. Kwa kukadiria, gawanya idadi ya ghorofa kwa 10, utapata sekunde za kwenda na kurudi. Ardhi nayo ina mwendo wake. Hatari huzidi miendo miwili ikilingana, kama pembea inayosukumwa kila inaporudi.

Tazama Mexico City, 19 Septemba 1985. Kitovu cha tetemeko kilikuwa pwani ya Pasifiki, zaidi ya kilomita 300 kutoka mjini, lakini udongo laini wa ziwa la zamani uliyumba kwa sekunde 2 hivi kila mzunguko. Yaliyoumia zaidi ni majengo ya ghorofa 6 hadi 15. Nyumba nyingi za chini zilisalimika, na Torre Latinoamericana yenye ghorofa 44 ikabaki wima. Lakini ghorofa 10 si sekunde 1 tu? Ndiyo, mwanzoni. Zege likipasuka jengo hulegea, mwendo wake hurefuka, nalo hujisogeza lenyewe kuufuata ule wa ardhi.

Kanuni hiyo ya 10 hainipi usingizi mtulivu, kwa sababu haioni kuta. Kwenye hesabu za mhandisi kuta za mawe huwa mzigo tu, ilhali fundi akishazijenga zinaikaza fremu ya nguzo na mihimili. Kisha chini tunaacha wazi kwa maduka na magari. Juu pamekazwa, chini nguzo tupu, kuyumba kote kukaangukia nguzo hizo. Jengo la namna hiyo, hata la ghorofa 4, linanitisha kuliko mnara wa yule mzee.

Na nyumba yake mwenyewe ya matumbawe na chokaa? Nzito, ngumu, haina nondo. Tetemeko la mbali huipitia kwa upole, maana mitikiso ya haraka hufifia njiani. La karibu huja nayo yote, na nyumba fupi ngumu ndizo zinazoitikia. Nilimwomba anipeleke ndani anionyeshe boriti za dari zimeingia ukutani kiasi gani. Zikiwa zimeegeshwa tu, ukuta ukisogea nje kidogo zinachomoka, na dari inashuka.