Kupasua kiini cha atomu si kulipua bomu

Ujumbe huu hauishi kwenye magrupu: eti viini vizito vikigonganishwa maabara, vipande vyake vitalipua dunia. Sivyo. Kiini kilicholengwa humeguka, zikatoka chembe kama protoni na nyutroni, na vipande vidogo, basi. Bomu la atomu huhitaji nyutroni zipasue viini vingine mfululizo. Shabaha ya dhahabu au risasi (metali, si ya bunduki) haiendelezi mnyororo huo.

Piga hesabu: viini viwili vya risasi vikigongana kwa jumla ya teraelektronivolti 1,044 (kipimo cha nishati ya chembe), hiyo ni takriban jouli 0.00017. Klipu ya karatasi ya gramu 1 ikidondoka sentimita 2 inazidi hapo! Kinachochanganya ni maneno “nishati kubwa”: kubwa kwa chembe, si kwa vitu vya mezani. Ukiletewa tena, usiusambaze.