Viti ni 290, watu ndio wanaogombaniwa

Swali ninaloulizwa zaidi, kwa kuwa kazi yangu ni takwimu za watu, ni hili: mipaka ikichorwa upya, kaunti yetu itapata maeneobunge mangapi? Nami hurudi kwenye kifungu cha 89 cha Katiba, kinachosema maeneobunge ya Kenya ni 290, basi. Zamani Bunge liliongeza viti tu, kama tulipotoka 188 hadi 210 kuelekea uchaguzi wa 1997. Enzi hizo sensa yenye dosari ilimuumiza mlipa kodi. Sasa inamuumiza jirani, maana kiti kikienda kwako kimetoka kwake.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Chukua watu wote waliohesabiwa, gawa kwa 290. Sensa ya 2009 ilitoa watu 38,610,097, kwa hiyo wastani ukawa 133,138 kwa kila eneobunge. Ya 2019 ilitoa 47,564,296, na wastani ukapanda hadi 164,015. Katiba inaruhusu kupungua au kuzidi kwa asilimia 30, na asilimia 40 kwa majiji na maeneo yenye watu waliotawanyika. Zingatia kwamba wanaohesabiwa ni wakazi. Mtoto wa wiki moja ana uzito sawa na mpiga kura.

Sasa tazama kaunti ya Mandera, kaskazini mashariki mwa Kenya. Mwaka 2009 ilihesabiwa watu 1,025,756, yaani stahili ya viti 7.7 kwa wastani wa wakati ule. Ilitoka kwenye maeneobunge 3 ikapata 6. Mwaka 2019 ikahesabiwa watu 867,457, na stahili ikashuka hadi 5.3. Kaunti yenye uzazi mkubwa haipungui hivyo kwa njia ya kawaida, na sijakutana na yeyote anayedai kwamba wakazi wote hao walihama. Sensa mojawapo ina kasoro, au zote mbili.

Waziri wa Mipango wa wakati huo, Wycliffe Oparanya, alifuta matokeo ya sensa ya 2009 ya wilaya 8 za kaskazini mwaka 2010, akisema ongezeko lilizidi kile ambacho vizazi na vifo vingeweza kueleza. Mwaka 2012 Mahakama Kuu ikaufuta uamuzi wake. Januari 2025 meza ikageuka: Mahakama Kuu ya Garissa ikafuta matokeo ya 2019 ya baadhi ya kaunti ndogo za Garissa, Wajir na Mandera, safari hii walalamishi wakisema watu wao walihesabiwa pungufu.

Je, idadi iliyotiwa chumvi hutambulikaje? Hatuanzi na jumla, tunaanza na umri. Anayejaza watu hewa kwenye fomu hana muda wa kubuni familia inayoeleweka. Anaongeza vijana, anasahau watoto wachanga. Sensa huwauliza wanawake kuhusu watoto waliowazaa karibuni, kwa hiyo ukilinganisha majibu hayo na watoto wa chini ya mwaka mmoja walioorodheshwa, uongo huanza kujianika. Umri unaoishia kwa 0 au 5 ukirundikana, usikimbilie kulaumu mtu: asiye na cheti cha kuzaliwa hukadiria tu. Lakini ukiona vijana wa kiume wamezidi mno, na kaya zimevimba ghafla kuliko za sensa iliyotangulia, hapo uliza maswali.

Kosa la upande wa pili ni gumu zaidi kulibaini. Sensa yetu humhesabu mtu pale alipolala usiku wa sensa, na mwaka 2019 ulikuwa usiku wa Agosti 24. Mfugaji aliyefuata malisho ng'ambo ya mpaka usiku huo hayumo. Fomu ambayo haikujazwa haina umri wa kukagua. Ndiyo maana sikubaliani na wenzangu wanaodhani kila malalamiko ya kaskazini ni tamaa ya viti, ingawa tamaa ipo, na kila kiti huja na mgao wake wa NG-CDF, yaani mfuko wa maendeleo ya eneobunge, na basari.

Hata pasipo kesi, hesabu inauma. Kaunti ndogo ya Lamu Mashariki ilikuwa na watu 22,258 mwaka 2019, na Lamu Magharibi 121,662; kila moja ni eneobunge. Zijumlishe: 143,920, bado chini ya wastani wa eneobunge moja. Mwaka 2012 maeneobunge ya zamani yalilindwa na Jedwali la Sita la Katiba, lakini kinga ile ilikuwa ya mapitio ya kwanza ya mipaka tu. Tume ya uchaguzi na mipaka, IEBC, italazimika kuegemea vigezo vingine vya kifungu cha 89, kama jiografia na njia za mawasiliano, na wakazi wa visiwani wana hoja nzito hapo. Ila asilimia 40 chini ya wastani ni watu 98,409, na Lamu Mashariki haijafika hata robo yake.

Kisha kuna kalenda. Mapitio yanapaswa kukamilika angalau miezi 12 kabla ya uchaguzi mkuu, na ujao ni Agosti 10, 2027. Yakikamilika baada ya Agosti 2026, uchaguzi huo utafanywa kwa mipaka ya 2012, na mipaka mipya itangoja 2032.