Kwa nini kila mtu anampa mwenzake nne

Kusanya fomu za wafanyakazi waliotathminiana wao kwa wao, kipimo 1 hadi 5, utakuta nne zimetapakaa ukurasa mzima. Kwenye maoni: "Ni mchapakazi, mcheshi, anashirikiana vizuri na wenzake." Ziba jina lililo juu, hujui anasemwa nani.

Mabosi huniambia watu wao ni waoga. Mimi, mshauri wa rasilimali watu, naona wana akili timamu. Mtu akishajua alama hizo zinaingia kwenye bonasi au kupanda cheo, anapiga hesabu: leo namwandika yeye, kesho ananiandika mimi. Nani aanzishe vita? Na wakiwa wanagombea nafasi moja, majungu yanapata fomu rasmi.

"Usiandike jina lako" haisaidii sana kwenye timu ndogo. Mtu wa manunuzi akisoma "anachelewa kuleta ankara", atajua papo hapo ni nani kaandika, maana anayezisubiri ni mhasibu peke yake. Jumatatu hawasalimiani.

Utumishi wa umma Tanzania uliachana na tathmini ya siri mwaka 2004, ikaja OPRAS, mfumo wa tathmini ya wazi. Siku hizi ni PEPMIS, ya kwenye kompyuta. Lakini hizo kimsingi ni kati ya mtumishi na msimamizi wake. Msimamizi akikupa alama mbaya, ana cheo cha kujikinga nacho. Mwenzako hana, na mchana mnakula naye meza moja.

Dawa yenyewe si ngeni. Watafiti waliochunguza tathmini ndani ya General Electric, Marekani, walishauri tangu 1965 kwamba mazungumzo ya mshahara yatenganishwe na yale ya kumsaidia mtu aboreshe kazi yake. Anayekosolewa huku akiwazia mshahara hujitetea tu.

Kwa hiyo mteja akiniita, kwanza naomba alama zifutwe. Yanabaki maswali mawili: amefanya nini kilichokurahisishia kazi yako, na akibadilisha nini utapunguziwa usumbufu? Majibu yanakwenda kwa mhusika tu, bosi hayaoni. Hapo ndipo watu huanza kuandika mambo yenye maana, hata ya ankara, tena wengine kwa majina yao.

Bosi naye hung'aka: sasa bonasi nitampa nani? Namjibu kwamba kuamua hilo ni kazi yake, na ndiyo anayolipwa.