Uthibitishaji wa hatua mbili: maana yake na mahali unapovuja

Anayetumia M-Pesa tayari anautumia, hata kama jina lake ni geni kwake. Tapeli akiijua namba yako ya siri lakini hana laini yako, hatoi kitu. Akiiba laini bila kuijua namba, vilevile. Kadi ya ATM ni hivyohivyo.

Kwa hiyo dhana yenyewe ni hii: akaunti haifunguki mpaka mwenyewe atoe ushahidi wa aina mbili au zaidi. Aina ziko tatu: kitu unachokijua (nywila, PIN), kitu ulicho nacho (laini, simu, kadi) na kitu cha mwilini mwako (alama ya kidole, uso). Zingatia neno “aina”. Nywila ikifuatiwa na swali la jina la mama yako ni hatua mbili kwa kuhesabu tu, maana zote ni vitu vya kujua, na jina la mama linajulikana mtaa mzima.

Njia iliyozoeleka zaidi, namba ya tarakimu sita kwa SMS, ndiyo dhaifu kuliko zote. Tapeli anaweza kuisajili namba yako kwenye laini mpya, na SMS zako zikaanza kuingia kwake. Dalili yake ni mtandao kupotea ghafla kwenye simu yako wakati wenzako wanaupata. Ukizima na kuwasha bila mafanikio, azima simu uwapigie kampuni ya laini papo hapo. Mara nyingi lakini hata hahitaji kuhangaika hivyo, anaomba tu: “Samahani, namba yangu imekuja kwako kimakosa, nitumie.” Namba hiyo ni ya kusajili WhatsApp yako kwenye simu yake. Kinga ipo kwenye Mipangilio, kisha Akaunti, kisha uthibitishaji wa hatua mbili: weka PIN ya tarakimu sita na barua pepe ya kuirejesha. Hapo hata akiipata SMS, PIN itamkwamisha.

Afadhali zaidi ni programu kama Google Authenticator. Unapoiskani alama ya QR inayoonyeshwa na tovuti ya akaunti yako, simu inahifadhi siri ambayo tovuti hiyo nayo inayo. Kila sekunde 30 simu inachanganya siri hiyo na saa, inatoa tarakimu sita. Upande wa pili unapiga hesabu ileile na kulinganisha. Ndiyo maana inafanya kazi bila intaneti wala laini. Ndiyo maana pia namba zinakataliwa saa ya simu ikiachana na saa halisi kwa dakika kadhaa: rudisha saa kwenye mpangilio wa kujiseti yenyewe.

Bado ukiziandika tarakimu hizo kwenye tovuti bandia, aliyeitengeneza anaziwahisha kwenye tovuti halisi kabla muda haujaisha. Ufunguo wa usalama, kile kidude cha USB, hauna udhaifu huo kwa sababu unakagua anwani ya tovuti wenyewe na hauitiki kwa bandia. Nunua viwili, kimoja kikae nyumbani.

Kuna na ile ya kubonyeza “Ndiyo, ni mimi” kwenye ombi linalotokea kwenye simu yako. Septemba 2022 mvamizi aliyekuwa na nywila ya mkandarasi wa Uber alimtumia maombi ya kuidhinisha mfululizo hadi akakubali moja. Ombi usiloliomba likataliwe, kisha badilisha nywila, kwani huenda limekuja kwa kuwa kuna mtu anayo.

Anza na barua pepe, maana nywila za akaunti nyingine hurejeshwa kupitia humo. Google inatoa namba 10 za akiba za kuingilia simu isipokuwepo, kila moja ya kutumika mara moja. Ziandike kwenye karatasi, si picha ndani ya simu ileile inayoweza kuibwa. Na kabla ya kuuza simu ya zamani, hamishia programu kwenye mpya na uingie nayo mara moja ukiwa bado na zote mbili mkononi.