Silaha za Ziada kwa Wakurdi: Vita Vikiisha, Bunduki Ziko kwa Nani?

Juni 2014 wapiganaji wa Daesh, kundi linalojiita Dola la Kiislamu, waliuteka mji wa Mosul, kaskazini mwa Iraki. Wanajeshi wa Iraki walikimbia na kuacha nyuma silaha za Kimarekani, nazo zikageuziwa Wakurdi. Agosti ikawa zamu ya Wayazidi wa Sinjar, jamii ndogo ya kidini kaskazini mwa Iraki, waliouawa na kutekwa kwa maelfu. Peshmerga, wapiganaji wa Kikurdi, walikuwa na silaha kuukuu. Walistahili kusaidiwa, na mimi sina shaka juu ya hilo.

Ujerumani ikafungua maghala ya jeshi lake. Iliidhinisha bunduki 16,000, nusu G3 na nusu G36, bastola 8,000 na makombora 500 ya Milan ya kuangamiza vifaru. Albania ilitoa risasi milioni 22.

Tatizo ni kwamba Peshmerga hawakuwa jeshi moja. Vikosi vingi vilitii vyama viwili, KDP na PUK, ambavyo vilipigana vyenyewe kwa vyenyewe katika miaka ya 1990. Serikali ya jimbo la Wakurdi mjini Erbil ilisaini kupokea, lakini silaha ziligawanywa kwa njia za vyama. Kisha mishahara ikachelewa kwa miezi. Januari 2016 waandishi wa habari wa Kijerumani walikuta G3 na bastola zenye chapa ya jeshi lao zikiuzwa katika masoko ya Erbil na Sulaymaniyah. Mpiganaji asiyelipwa, mwenye watoto nyumbani, huuza alichonacho. Ujerumani ilisimamisha shehena, kisha ikaanza tena kuzipeleka mwaka huohuo.

Pigo kubwa zaidi lilikuja Oktoba 2017. Wakurdi walikuwa wamepiga kura ya kujitenga na Iraki, na majeshi ya Baghdad yakaingia Kirkuk. Siku chache baadaye, huko Altun Kupri, waliokuwa upande mmoja dhidi ya Daesh walirushiana makombora. Baghdad ilisema Peshmerga wametumia Milan za Kijerumani, na yenyewe ilikuwa na silaha za Marekani. Hati ya mtumiaji wa mwisho, yaani ahadi ya maandishi kuhusu nani atazitumia silaha, humtaja mpokeaji, lakini haiwezi kumchagulia adui wa mwaka wa tatu.

Nchini Syria, Marekani ilipoanza kuwapa silaha wapiganaji wa Kikurdi wa YPG mwaka 2017, iliiahidi Uturuki, iliyowaona kuwa adui, orodha ya silaha hizo kila mwezi na kwamba zingerudishwa. Januari 2018 Uturuki iliishambulia Afrin, eneo la kaskazini mwa Syria lililokuwa mikononi mwa YPG.

Msomaji wa Turkana au Samburu anaifahamu G3 mikononi mwa askari wa akiba. Itifaki ya Nairobi ya 2004 inazitaka nchi zetu kuziwekea silaha alama na kutunza kumbukumbu zake. Serikali yoyote inayotoa silaha iulizwe, kabla ndege haijaruka: namba za bunduki zimeandikwa katika daftari la nani, nani atazikagua baada ya miezi 6, na mpiganaji atalipwa na nani?